Msimu wa Tata Nyokabi Juu ya Mashine ya Nyasi

Asubuhi za utoto wangu zilinukia petroli na nyasi mbichi. Tuliishi katika laini za wafanyakazi wa shamba moja la kahawa nje kidogo ya Thika, mahali ambapo upepo ukigeukia kwetu tulisikia maporomoko ya Chania yakinguruma kama lori lililo mbali. Juu ya laini zetu, ng'ambo ya miti ya kahawa, palikuwa na nyumba kubwa ya memsahib mwenye shamba, mjane mrefu wa Kizungu aliyevaa buti za mpira hata jua likiwaka. Nyumba hiyo ilizungukwa na uwanja wa nyasi mpana kuliko uwanja wowote niliowahi kuuona. Sehemu ya juu ilikuwa tambarare, kisha ikashuka ghafla kuelekea mtoni. Baba yangu ndiye aliyeukata uwanja huo. Alirudi nyumbani suruali ikiwa kijani mpaka magotini, na nilipomkumbatia harufu hiyo ilinibakia nguoni hadi nilipolala.

Mashine yenyewe ilikuwa kubwa na nzito, yenye rangi ya kijani iliyoanza kubambuka kwa kutu. Mbele ilikuwa na sanduku la kupokea nyasi, katikati mota, na chini ya mota visu vilivyozunguka kama pipa lililolazwa. Nyuma yake kilifungwa kiti cha chuma kilichokaa juu ya gurudumu lake pana, na mtu aliyekikalia alishika mikono miwili ya mashine kama anayeendesha baiskeli ndefu mno. Baba aliiheshimu kama watu wengine wanavyomheshimu fahali. Wakati wa chakula cha jioni alikuwa akitueleza mimi na dada yake mdogo, shangazi yangu Tata Nyokabi, jinsi mtu anavyopaswa kuishi nayo. Uanze kwa kutembea uwanja mzima ukiokota mawe na vijiti. Usitie petroli mota ikiwa bado ya moto. Nyasi zikikwama kwenye visu, zima kwanza, ungoje kila kitu kitulie, ndipo utumie kijiti, usitumie mkono kamwe. Kiti ni cha mtu mmoja. Na usiipande kwenye mteremko wa mtoni, kwa sababu hapo kiti huteleza upande na mashine inakuwa na nia yake. Mimi nilisikiliza kama mtoto anayesikiliza hadithi. Mama alikuwa amefariki nikiwa sijui kutembea, na sauti ya Baba ilikuwa ndiyo nyumba yangu. Tata Nyokabi alisikiliza kwa namna nyingine. Aliacha kumenya viazi.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwawinda wapiganaji wa msituni. Asubuhi moja askari walikuja na malori wakawapanga wanaume wa laini zetu karibu na kisima, na wengi wao, Baba akiwamo, wakapakiwa na kupelekwa kuhojiwa. Hatukuambiwa wapi. Tata alikimbia na koti la Baba mkononi, lori likamwacha, akarudi amelishika hivyo hivyo. Wiki zilipita, kisha mvua ikaja, na uwanja wa memsahib ukaota mpaka ukanifika magotini. Siku hizo nyasi ndefu karibu na nyumba ya Mzungu zilikuwa jambo la kuogofya, kwani Wazungu walidhani kila jani linaficha mtu. Amri ikatoka kwamba zikatwe. Nyapara wetu, Mzee Wekesa, mtu wa kutoka magharibi mwenye sauti nzito na moyo mwepesi, alikuja laini jioni na kusimama mlangoni petu akizungusha kofia.

"Nyokabi," alisema, "memsahib anatafuta dereva wa mashine. Akileta mtu mpya, huyo mtu atataka nyumba. Na nyumba ni hii."

Tata alikuwa amepiga magoti akipuliza moto. Hakuinuka. "Mwambie dereva yuko."

"Yuko wapi?"

"Mimi hapa."

Mzee Wekesa alicheka, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha. "Wewe mwanamke utaweza hiyo kitu?"

"Niliisikia kila jioni. Nitaiweza."

Kesho yake alijifunga kitambaa chekundu kichwani, akavaa suruali ya Baba akaifunga kiunoni kwa kamba ya katani, akaenda. Mimi nilimfuata, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuniachia. Tulitembea uwanja wote tukiokota mawe, naye akayatupa kwenye ndoo moja moja, bila haraka. Kisha akazungusha kamba ya kuwashia, akavuta. Mota ikakohoa na kufa. Akavuta tena na tena, mpaka jasho likamlowesha mgongo. Memsahib alikuwa amesimama barazani na kikombe chake. Wanawake waliokuwa wakichuma kahawa walikuwa wameacha kuchuma. Ilipoitika mwishowe, moshi mweusi ulimfunika kichwa, na Tata akaketi, akasukuma wenzo, akaenda. Alienda upogo, akaacha nyuma yake mstari uliojikunja kama nyoka. Lakini alifika mwisho, akageuza, akarudi. Wanawake walipiga vigelegele kutoka kwenye kahawa mpaka Mzee Wekesa akapiga filimbi warudi kazini, naye mwenyewe alikuwa akitabasamu.

Ndipo ulipoanza msimu ninaoukumbuka kuliko miaka yangu mingine yote. Sijui kama inafaa kusema hivyo. Watu walikuwa wakiteseka, Baba hatukujua kama yu hai, na jioni tulifunga mlango mapema. Lakini mchana Tata Nyokabi aliketi juu ya kile kiti, mgongo wima, kitambaa chekundu kikionekana kutoka mbali, na uso wake ukawa uso ambao sikuwahi kuuona akichuma kahawa. Alijifunza kusikiliza mota. Alijua ikiwa na kiu, na alijua kuna kijiti kabla hajakiona. Mistari ikanyooka, mmoja mweupe mmoja wa kijani kibichi, mpaka nyumba ya memsahib ikaonekana kama imetandikiwa kitenge. Aliimba pia, ingawa kwa kelele ile hakuna aliyemsikia. Nilijua tu kwa kuangalia midomo yake.

Kila siku nilimwomba anipakie, na kila siku alikataa. "Kiti ni cha mtu mmoja," alisema, kwa sauti ya Baba kabisa, mpaka tukatazamana na kugeuza nyuso. Ila mchana mmoja, alipokwisha kuizima na mota imepoa, alitia ile kamba ya kuwashia mfukoni mwake, akaninyanyua, akaniketisha. Chuma kilikuwa kina joto la jua. Nilishika mikono ya mashine nikauona uwanja wote mbele yangu, na mto chini, na moshi wa viwanda vya Thika ukipanda mbali. "Sasa angalia kule unakotaka kwenda," aliniambia sikioni. "Usiangalie visu. Ukiangalia visu utaenda upogo."

Mteremko wa mtoni haukuwa wake. Huo ulikatwa kwa mafyekeo na wanawake waliojipanga safu. Lakini katikati ya mvua serikali ikawachukua wanawake kuchimba handaki kuzunguka kijiji kipya walimokusanywa watu chini ya ulinzi, na memsahib alikuwa na wageni Jumapili. Mzee Wekesa akamwambia Tata akate na mteremko.

"Nyasi zimelowa," Tata alisema. "Ndugu yangu hakuwahi kuishusha hapo."

"Najua. Lakini nikimwambia memsahib hatuwezi, ataandika dereva mwingine. Wewe nenda polepole tu."

Tata aliutazama mteremko kwa muda mrefu. Kisha akanishika bega akanipeleka juu, karibu na ukuta wa baraza. "Kaa hapa. Usishuke hata ukiniona naanguka. Umesikia?" Nikaitikia kwa kichwa. Akapanda, akaanza kukata akiambaa na mteremko. Mstari wa kwanza ulikuwa mzuri. Katika wa pili kiti kilianza kuteleza, kikavuta upande wa chini, na mashine ikageuza pua yake kuelekea mtoni. Nilimwona akiegemea juu kwa nguvu zote, akivuta mikono ile. Angeweza kuruka hapo hapo. Hakuruka. Alishikilia, mashine ikaongeza mwendo, naye akashikilia bado, na mimi nikasahau nilivyoambiwa, nikakimbia nikipiga kelele, "Uui! Tata, iache! Iache!"

Akaiachia. Aliviringika kwenye nyasi kama gunia, na mashine ikaenda peke yake ikinguruma, ikapasua matete, ikaingia majini. Kulikuwa na sauti ya maji yakichemka, kisha kimya. Nilipomfikia alikuwa ameketi, bega moja limeshuka vibaya, matope usoni. Hakuwa akilia kwa maumivu. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeweza kumjibu, akasema, "Sasa baba yako atarudi wapi?"

Memsahib alishuka na buti zake, na Mzee Wekesa nyuma yake. Alitazama alama ndefu nyeusi kwenye nyasi, akatazama mashine iliyoinamia majini, akamtazama Tata. Akauliza kwa Kiswahili chake cha jikoni, "Nani sema kata hapa?" Nilisikia maji yakipita. Mzee Wekesa angeweza kunyamaza, maana neno lake dhidi ya la mwanamke wa Kikuyu mwaka ule lilikuwa na uzito wote. Alivua kofia. "Ni mimi, memsahib. Yeye alikataa. Mimi ndiye nilisema." Memsahib alimfokea kwa Kiingereza tusichokielewa, akageuka akapanda kilima. Usiku huo sisi tulifunga vitu vyetu, sufuria na blanketi na koti la Baba, tukangoja kufukuzwa.

Hatukufukuzwa. Sijawahi kuamini kwamba ilikuwa huruma. Nyasi zilikuwa zikiota, na hakukuwa na mwingine. Ng'ombe wa shamba waliivuta mashine kutoka majini, fundi akaja kutoka mjini akaifungua na kuianika vipande vipande kama samaki, na bega la Tata likafungwa kwa majani na kitambaa. Lilipopona, alirudi kitini. Mteremko ukaachiwa mafyekeo. Mzee Wekesa alikuwa akipita uwanjani kila asubuhi bila sababu, akasimama kidogo, akaenda zake.

Baba alirudi katika baridi ya mwaka uliofuata. Alikuwa mwembamba, nywele zimeota mvi pembeni, na alipoketi aliketi karibu na mlango. Hatukumwuliza. Kwa siku nyingi alitazama tu moto. Kisha asubuhi moja aliamka kabla yetu, akavaa suruali yake, ambayo Tata alikuwa ameifua na kuikunja, akaenda kwenye banda la mashine. Tata alikuwa amekwisha kutangulia. Alikuwa ameipangusa mpaka inang'aa. Alimpa kamba ya kuwashia kwa mikono miwili.

"Siku hizi asubuhi inataka kuvutwa taratibu," alimwambia.

"Najua," Baba alisema.

"Ndiyo," Tata alisema. "Unajua."

Hilo ndilo lote walilosema. Baba hakumwonea, na sikumchukia. Kazi ilikuwa yake, nyumba ilikuwa imemngoja kama Tata alivyotaka. Lakini Tata Nyokabi alirudi kwenye kahawa na kikapu kiunoni, na mimi, niliyekuwa nimekua kiasi cha kuchuma, nilichuma kando yake. Mota ilipowaka juu kule, mikono yake ilisimama. Aliinua kichwa katikati ya matawi akasikiliza mpaka sauti ifike mwisho wa uwanja. Kama mota ilikohoa, midomo yake ilikohoa nayo kidogo. Kisha akarudia kuchuma. Nilijifunza kutomsemesha dakika hizo.

Aliolewa Gatundu, akazaa, akalima chai, akazeeka, akafa. Nilimtembelea mara nyingi na tukazungumza juu ya kila kitu, watoto, mvua, wagonjwa, isipokuwa msimu ule. Daima nilidhani kuna siku nyingine. Sasa nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao alipofariki, na ningetoa mengi niketi naye jikoni kwake nimwulize wimbo ule ulikuwa upi.

Shamba limekatwa viwanja. Nilipopita mara ya mwisho sikuweza kujua nyumba ya memsahib ilisimama wapi. Pana ghorofa na nguo zimeanikwa kila dirisha, na mahali pa uwanja pana maegesho yaliyomwagwa kokoto. Silii nyasi za mjane wa Kizungu. Watoto wanacheza pale sasa bila kumwogopa mtu, na hilo ni zuri kuliko mistari yoyote iliyonyooka. Mimi naishi Murera na mjukuu wangu, Njoki, anayefanya kazi Ruiru. Ana leseni na gari dogo alilolinunua mwenyewe, na Jumapili hunipeleka Thika kwa barabara kuu, dirisha wazi, mkono mmoja kwenye usukani, akipita malori kana kwamba yamesimama. Hakuna anayeacha kazi yake ili kumtazama. Kwake ni jambo la kawaida, kama kupika ugali.

Jumapili iliyopita aligundua nimenyamaza tangu Juja.

"Cucu, bibi yangu, naenda mbio sana?" aliuliza.

"Hapana," nilimwambia. "Kuna mtu ambaye angependa kukaa hapo ulipokaa."

Alisubiri nimtaje. Nikaanza kumsimulia, na tulipofika Thika sikuwa nimemaliza, kwa hiyo akaipita njia ya kuingia sokoni bila kukata kona, akaendelea kuendesha.