Nyimbo Alizozifuta Fundi Baridi

Mtaani walimwita Fundi Baridi, na jina hilo lilimganda hata mkewe akalizoea. Kazi yake ilikuwa kutengeneza majokofu. Ukiingia karakana yake ulikuta friji na friza zimejipanga ukutani kama wagonjwa wanaosubiri daktari: hii mpira wa mlango umechanika, ile gesi imeisha, nyingine imeletwa na mama mwenye bucha, roho mkononi, akisema nyama yote itaoza. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache. Aliinama, akabandika sikio kwenye mota, akafumba macho, na wateja walijua hapo si wakati wa kumsemesha.

"Inalalamika," angesema mwishowe. "Ngoja nijue inalalamikia nini."

Sikio hilohilo lilikuwa limetekwa na muziki wa roki. Aliusikia mara ya kwanza akiwa mwanagenzi, kwenye redio ya tajiri wake, na tangu hapo nyimbo nyingine zote zikawa zinamchosha. Watu walimshangaa. "Ule si muziki, ni magari yamegongana," mkewe alisema, naye akacheka tu.

Enzi za ujana alipanga chumba katika nyumba moja ndefu yenye wapangaji wengi. Jioni moja, redio yake ikiwa juu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu, alisikia ukuta unagongwa. Akapunguza sauti haraka. Ukuta ukagongwa tena, kwa nguvu zaidi. Akazima kabisa. Hapo mlango ukafunguliwa bila hodi, akaingia jirani yake wa chumba cha pili, kijana mwembamba aliyekuwa ndiyo kwanza ameajiriwa kufundisha shule ya msingi.

"Jirani, mbona unazima? Nagonga uongeze!"

Urafiki ulianzia hapo. Fundi alipopata karakana yake mwenyewe, chumba cha nyuma kisicho na dirisha alikipigilia magodoro chakavu ukutani ili kelele zisitoke, akaweka maiki moja na kompyuta ya mtumba. Huko ndiko walikorekodia. Mmoja alileta wimbo aliokuwa ameupenda wiki hiyo, wakausikiliza wameinamisha vichwa, "Subiri, subiri, sikiliza hapo gita linapopanda," kisha wakatengeneza wa kwao. Fundi alipiga gita. Mwalimu aliimba, na maneno ya kigeni aliyageuza kuwa Kiswahili, maana alisema hawezi kumlilia mtu kwa lugha ambayo mama yake haielewi. Gita la besi lilikuwa la mwanamke aliyeoka mikate upande wa pili wa barabara. Alikuja siku moja kuulizia friji yake, akasikia, akasahau friji. Wakamwita Dada Besi.

"Mikono hii inakanda unga tangu alfajiri," aliwaambia. "Nyuzi nne zitanishinda nini?"

Mwalimu hakuwa na sauti nzuri, lazima isemwe. Akiongea ilikuwa nyembamba na ya upole. Akiimba iligeuka, ikakwaruza kama kiti kinachoburutwa kwenye sakafu ya saruji, na kila mwisho wa wimbo alitoa ukelele mmoja mrefu uliomwacha akihema na miwani imepinda. Lakini Fundi, aliyeweza kusikia kasoro ya mota akiwa mlangoni, hakuwahi kutaka sauti nyingine. Miaka ikapita. Wote watatu wakapata ndoa, watoto, maumivu ya mgongo. Kila mmoja alikuwa na nyimbo zao kwenye simu, na hawakumsikilizisha mtu mwingine zaidi ya wenzi wao wa ndoa. Zilikuwa zao.

Kisha Mwalimu akapandishwa cheo, akawa mwalimu mkuu. Wenzake walimfurahia sana. Dada Besi alimwokea mkate mkubwa wenye umbo la gita, ingawa ulipotoka kwenye tanuri ulifanana zaidi na kiatu.

Haukupita muda, Mwalimu akafanya kosa dogo ambalo yeyote angelifanya. Asubuhi moja alijirekodi stoo nyumbani kwake, sauti tupu bila ala, wimbo mpya aliotaka kuwaonjesha rafiki zake. Akautuma. Alipotazama simu vizuri aligundua ameutuma kwenye kundi la wazazi wa shule. Aliufuta mbio, lakini simu mbili tatu zilikuwa zimekwisha kuunasa. Ukafika kwa watoto. Siku chache baadaye, akipita nje ya darasa la juu, alijisikia mwenyewe akiimba ndani, na darasa zima linaangua kicheko. Hakuingia. Aligeuka, akarudi ofisini, akafunga mlango. Baadaye akasikia kwamba watoto wamejirekodi wakicheka juu ya wimbo wenyewe, na kitu hicho kinatembea simu kwa simu. Mzazi mmoja akamsimamisha langoni na kumuuliza kama ni kweli mwalimu mkuu ndiye yule anayebweka.

Mwalimu alifika karakana amevaa tai, akaketi juu ya friza iliyolazwa.

"Ndugu yangu," alisema, "naomba uzifute."

"Nifute nini?"

"Zote. Zenye sauti yangu. Za simuni kwangu nimekwisha kuzifuta. Kesho itavuja nyingine, kisha nyingine. Mimi nina watoto mia tano wa kuwatazama usoni kila asubuhi."

Fundi alitaka kusema mengi. Alitaka kumwambia kwamba watoto watasahau, kwamba yule mzazi ni mpumbavu. Alimtazama rafiki yake, akayaacha. Akawasha kompyuta. Alifuta wimbo mmoja baada ya mwingine, kisha na zilizokuwa kwenye simu yake, Mwalimu akiwa amesimama nyuma yake. Dada Besi naye alizifuta za kwake, akilia waziwazi bila kujificha. Mwalimu aliwashukuru kwa kuwapa mkono, kama mgeni.

Hawakugombana. Mwalimu aliendelea kupita kuwajulia hali, akanywa chai, akauliza habari za watoto. Ila chumba cha nyuma hakuingia tena. Fundi na Dada Besi walijaribu kupiga wawili, ikawa kama kula chakula kisicho na chumvi, wakaacha. Chumba kikajaa vipuri.

Miaka sita ikaenda hivyo. Halafu siku moja ya kazi, Mwalimu akiwa mbele ya ubao anamshikia zamu mwalimu aliyeugua, moyo ulisimama. Walipomfikisha hospitali hakukuwa na la kufanya.

Fundi alibeba jeneza. Alisimama na wanaume, akafanya yote yanayopaswa kufanywa, akarudi nyumbani akalala na viatu. Mkewe alimvua taratibu.

Wiki chache baadaye binti wa Mwalimu alikuja karakana. Alikuwa anasomea uuguzi mji mwingine, na shule yote alikuwa amesoma bweni, hivyo mengi ya nyumbani kwao yalimpita kando. Alimwamkia, akakataa kiti.

"Baba mdogo, mama ameniambia kitu nikashangaa. Amesema baba alikuwa anaimba hapa. Mnarekodi."

"Ndiyo, mwanangu. Alikuwa anaimba."

"Nimepekua simu yake yote. Hakuna hata ujumbe mmoja wa sauti. Picha zipo, lakini picha hazisemi. Nimeanza kuisahau sauti yake, baba mdogo. Juzi nilijaribu kuikumbuka anavyoniita, nikashindwa. Nipe hata wimbo mmoja tu."

Fundi alishika bisibisi, akaiweka chini, akaishika tena. Angeweza kumwambia ukweli, ambao hata mama yake hakuujua. Lakini ukweli huo ungemfanya mtoto aende nyumbani na picha ya baba aliyejionea aibu mpaka akaomba afutwe, na Fundi hakuona kwa nini mtoto abebe mzigo huo pamoja na ule wa msiba.

"Sina," alisema. "Kompyuta iliharibika. Zote zilipotea."

"Zote? Na hukuweka nakala popote?"

"Sikuweka."

Binti alirudi hatua moja nyuma. "Miaka yote hiyo," alisema polepole. "Ninyi watu wawili mmekuwa marafiki tangu kabla sijazaliwa, na hukuona haja ya kutunza hata moja." Aliondoka bila kuaga, na Fundi hakumlaumu.

Dada Besi alipopata habari alivuka barabara na unga mikononi.

"Kwa nini unajibebesha kosa lisilo lako? Mwambie mtoto ukweli!"

"Akikasirika, bora anikasirikie mimi," Fundi alimjibu. "Mimi nipo. Akitaka kuja kunitukana, atanikuta hapa hapa. Akimkasirikia baba yake, atakwenda kumalizia wapi?"

Dada Besi alijifuta uso kwa kiwiko, unga ukambakia shavuni, akarudi kwenye tanuri lake.

Binti huyo alirudi tena likizo iliyofuata. Safari hii alikuja karibu anakimbia, simu mkononi, na Dada Besi alipomwona akipita dirishani kwake alimfuata.

"Nimepata! Kuna kijana alisoma shule ya baba, siku hizi ni dereva. Ameniandikia kunipa pole, akasema ana kitu cha mwalimu amekitunza tangu utotoni." Akabonyeza simu.

Ilikuwa sauti ya Mwalimu, peke yake, inakwaruza kama zamani. Na juu yake kicheko cha watoto, wengi, wakipiga madawati. Fundi na Dada Besi walitazamana. Wote wawili walikijua ni kitu gani, ingawa hawakuwahi kukisikia. Wakati ule waliapa hawatakisikiliza, kwa heshima ya rafiki yao.

Binti alisimamisha katikati. "Kelele hizi zinamfunika. Mama anasema wewe ndiye uliyekuwa unasafisha nyimbo. Unaweza kuziondoa?"

"Niachie kidogo," Fundi alisema. "Nitajaribu."

Walisogeza vipuri chumba cha nyuma, yeye na Dada Besi, wakapata pa kukaa katikati ya magodoro yaliyokuwa yameanza kunuka vumbi. Binti alisubiri nje. Fundi alihamishia sauti ile kwenye kompyuta, akavaa spika za masikioni na kumpa Dada Besi nyingine. Alijaribu kila alichokijua. Kila alipopunguza kicheko, Mwalimu naye alipungua. Watoto walikuwa wamekaa palepale sauti yake ilipokaa. Basi aliacha kuhangaika, akairudisha mwanzo, akasikiliza yote kama alivyokuwa akisikiliza mota, macho kayafumba.

Mwanzoni kilikuwa kicheko kitupu. Kisha, kwenye kiitikio, kicheko kikapungua, na sauti ndogo mbili tatu zikaanza kuimba naye. Zikaongezeka. Madawati hayakupigwa ovyo tena, yalipigwa kwa mapigo. Mwalimu alipofika mwisho na kutoa ule ukelele wake, darasa zima lilitoa ukelele pamoja naye, likashangilia, na juu ya vifijo mtoto mmoja akasikika waziwazi, karibu na simu:

"Weka tena! Mweke tena mwalimu!"

Hapo ikakatika.

Dada Besi alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Fundi hakufumbua macho. Alikuwa anamwona Mwalimu amesimama nje ya darasa, amesikia kicheko cha mwanzo, anageuka kurudi ofisini. Labda kama angesimama kidogo tu, mpaka kiitikio.

Walipotoka, binti aliinuka. "Imewezekana?"

"Haitoki, mwanangu. Nikiiondoa, na yeye anaondoka."

Alifikiri, akatikisa kichwa. "Basi iache. Hawa wanaocheka ni kina nani?"

"Wanafunzi wake," Fundi alisema. "Sikiliza mpaka mwisho. Walitaka aimbe tena."

Binti alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akacheka, akalia, akacheka tena. Alisema hakujua baba yake alipendwa hivyo. Hakusema lolote kuhusu nyimbo zilizopotea, na alipoaga alimpa Fundi mkono haraka kisha akamkumbatia Dada Besi kwa muda mrefu. Fundi aliliona hilo, akalipokea.

Walibaki wawili, friji moja ikinguruma pembeni kwa majaribio.

"Angejua," Dada Besi alisema. "Mungu wangu, angejua tu. Tungemwambia."

"Tungemwambia nini?" Fundi alivuta kiti, akaketi kama mtu aliyetembea mbali. "Na sisi hatukusikiliza."