Karatasi Niliyoinasa Darasani

Enzi za vijiji vya ujamaa nilifundisha kisomo cha watu wazima huko Msanzi. Siku moja nikanasa karatasi ikipita kwa akina mama: TVSVBMJ ZB NXBMJNV, na mengine ya aina hiyo. Nikanusa njama. Nikamwita mwenyekiti wa kijiji aje ashuhudie nikiwafichua wahujumu.

Fumbo lenyewe lilikuwa jepesi, kila herufi unairudisha nyuma hatua moja. Nikalipa darasa mgongo, nikaandika jibu ubaoni kwa mbwembwe: SURUALI YA MWALIMU IMECHANIKA NYUMA. NANI ATAMWAMBIA?

Mama Kalista, aliyeiandika, akaninyooshea kanga yake. “Tuliandika kwa kuficha ili usiaibike, mwalimu.”

Mwenyekiti akakohoa. “Basi, mimi nimeshuhudia.”