Mbono Wekundu wa Wafula

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nimevaa tai, nina shahada ya elimu ya wanyama, na sijawahi kuiona bahari. Nilitembea kutoka Muthangari, nilikolala chumbani kwa mjomba, mpishi wa Wazungu. Makumbusho yakanipa aproni na ndoo ya plasta.

Tulitengeneza samaki wa maonyesho. Unamfunika samaki kwa plasta mbichi. Ikikauka unamtoa, na tundu lenye umbo lake ndiyo kalibu. Humo unamwaga plasta nyingine, kisha mpaka rangi anampa uhai. Wetu alikuwa Wafula, Mbukusu mwenye mzaha, aliyeniita Msomi.

Ndipo wakaletwa mbono, samaki wa matumbawe wanaoogelea kwa makundi. Walifika kwa gari moshi, ndani ya barafu, wekundu tumboni. Nilikuwa nimesoma kwamba mbono hai ni wa buluu, na wekundu huja wakifa. Nikamwambia Mkuu wa Maonyesho, Mzungu.

“Kitabu hapana ona samaki,” alinijibu. Akamgeukia Wafula. “Wewe paka rangi naona hapa mezani. Hapana fikiri.”

Wafula akapaka kundi zima jekundu.

Siku ya ufunguzi mgeni kutoka Mombasa alisimama mbele ya kabati la kioo, akacheka. “Hawa ni maiti wanaoogelea.” Mkuu akatangaza mbele ya wote kwamba boi wake hasikii maagizo.

Alimwamuru Wafula awapake upya, buluu yenye mstari wa manjano. Wafula alipomaliza, akamfukuza. Chumba alichokaa na mkewe na watoto kilikuwa cha kazi. Nacho kikaenda pamoja na kazi.

“Bwana, wewe ndiye uliyemwagiza nyekundu,” nilisema.

“Wewe nataka fuata yeye?”

Wafula alinivuta shati. “Nyamaza, Msomi. Ukifukuzwa utafanya nini? Hata ukuta huwezi kupaka.”

Alisema kweli. Nilibaki, na mwishowe nikakikalia kiti cha yule Mkuu. Kibao cha kabati bado kina jina lake kama mtengenezaji. Kila nilipoomba kibadilishwe, bodi ilijibu kwamba hiyo ni historia.

Juzi, kwenye hafla ya kuniaga, mwenyekiti wa bodi aliwasifu mbono, akalisoma jina lile kwa heshima. Nikasimama, nikasema nani aliwapaka, na alilipwa nini kwa utiifu wake. Watu wakatazama sahani zao. Keki yangu ilikatwa nikiwa bado nasema.