Mama Nukta na Faili la Kumi na Moja

Jina la Mama Nukta alipewa ofisini, tena kwa kejeli. Kila alipopitia maandishi ya wenzake, aliwarudishia: hapa umesahau nukta, pale umeacha nafasi moja badala ya mbili. Ndiyo ilikuwa sheria ya ofisi ile. Maelezo yakiisha unaweka nukta, unaacha nafasi mbili, ndipo unafunga. Waandishi wa programu ni watu wa haraka, wakaona huo ni uchokozi wa mwanamke aliyekosa la kufanya. Wakamwita Mama Nukta, naye akaitika. "Yapo majina mabaya kuliko hilo," alisema, akaendelea kuwarudishia.

Alikuwa na miaka arobaini na tisa, mwembamba, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba ilibidi unyamaze ndipo umsikie. Miaka kumi na minne alikuwa mpiga chapa katika ofisi hiyo hiyo, ghorofa ya tatu juu ya duka la rangi za nyumba. Alichapa ripoti za wenzake mpaka akaanza kuelewa anachokichapa, na alipoelewa, hakuweza tena kujifanya haelewi. Mungu humpa mtu kipaji chake kwa mlango anaoutaka Yeye. Bosi alipoona kwamba mchapaji wake anagundua makosa katika maandishi ya mafundi, akamhamishia meza kubwa, ile wanayokaa waandishi wa programu, akampa kazi ambayo hakuna mwingine aliyeitaka: kusafisha maelezo.

Ofisi hiyo ilitengeneza programu ya kusaka hitilafu. Programu nyingine ikikwama, hii huisimamisha, huchungulia ndani yake na kusema imekwama wapi. Sasa, prosesa, ule ubongo wa mashine, ziko za aina nyingi, na kila aina ina tabia zake. Kwa hiyo kila prosesa ilikuwa na faili lake la maandishi, na mafaili yalikuwa kumi na moja. Katikati ya maandishi hayo waandishi huacha maelezo kwa lugha ya kawaida: hapa tunafanya hivi, pale tahadhari na kile. Mashine haiyasomi maelezo hayo, inayaruka tu. Yameandikwa kwa ajili ya binadamu atakayekuja kesho.

Mama Nukta aliyasoma kwa rula ya mbao. Aliiweka juu ya kioo cha kompyuta, chini ya mstari mmoja, na haikushuka mpaka mstari ule aridhike nao. Waliokaa naye meza moja walichoka kumcheka.

Faili la kumi na moja lilikuwa la prosesa mpya, na lilizaliwa kama wanavyozaliwa ndugu zake wote. Katika kazi hii hakuna anayeanza faili la prosesa kwa ukurasa mtupu. Unachukua faili la prosesa ya zamani, unalinakili zima, unabadilisha majina, unabadilisha namba, basi, una faili jipya. Aliyelinakili alikuwa kijana wa miaka thelathini na mbili, baba wa watoto wawili, fundi hodari kweli, aliyeitwa Mbio kwa sababu hakuwahi kufanya kitu polepole. Alilimaliza kwa siku mbili. Programu ikajaribiwa, ikafanya kazi, watu wakapiga makofi. Lakini maelezo ya zamani yalikuwa yamekuja na faili hilo, kama chawa katika shuka la kuazima.

Rula ya Mama Nukta ilisimama kwenye mstari wa mia tatu na sita. Maelezo yalisema: "Rejista ya kumi na nne hushika anwani ya kurudi."

Rejista ni vijisanduku vidogo ndani ya prosesa vya kushikia namba. Na programu hutumwa kazi ndogo ndogo mchana kutwa. Kila inapotumwa lazima ikumbuke itarudi wapi, na mahali hapo pa kurudi huandikwa katika rejista moja maalumu. Mama Nukta akafungua kitabu cha prosesa mpya, kurasa mia nane na ushee, akakisoma siku nne. Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili ulisema wazi: rejista ya kwanza. Hiyo ya kumi na nne ilikuwa ya prosesa ya zamani.

Siku ya tano bosi alimletea karatasi. Mteja, kampuni moja ya kutengeneza mitambo ya kusukuma maji, alikuwa anapokea programu Ijumaa, na karatasi ilisema kwamba mafaili yote kumi na moja yamesomwa, na maelezo yake ni ya kweli. Chini yake palikuwa na nafasi ya saini ya Mama Nukta.

"Weka hapo tu, mama," bosi alisema huku akitazama simu yake.

"Siwezi, bosi. Faili la kumi na moja lina uongo ndani yake. Na baada ya mstari huo bado sijasoma."

Meza nzima iligeuka. Mbio akacheka. "Uongo! Mama Nukta, hayo ni maelezo tu. Mashine haisomi. Programu inafanya kazi au haifanyi?"

"Inafanya, mwanangu."

"Basi?"

"Basi mmoja wao anadanganya, maelezo au kitabu. Na mimi ninaambiwa nitie saini kwamba hakuna anayedanganya."

"Yarekebishe hayo maelezo, yaishe," bosi alisema.

"Nitayarekebisha. Lakini aliyenakili huu mstari bila kuusoma amenakili na mingine. Nipe muda niipitie yote."

"Muda hakuna."

"Basi na saini hakuna."

Alisema kwa sauti yake ile ile ya chini, mikono juu ya mapaja, kama mtu anayekataa kuongezwa chai. Bosi aliweka simu mezani. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mtu wa kutazamwa, na pale alikuwa anatazamwa na watu saba. Akamwambia kwamba kuanzia kesho asubuhi atakaa mapokezi, apokee wageni na simu, na kwamba karatasi atatia saini Mbio.

"Sawa," Mama Nukta alisema. Akakusanya rula, kitabu cha prosesa na kikombe chake.

Nyumbani aliishi na mdogo wake, fundi cherehani mwenye mdomo usio na breki. Mdogo mtu alisikiliza hadithi yote huku akitoa pini mdomoni moja moja, akizichoma kwenye mkono wa gauni.

"Ngoja nielewe, dada. Umeteremshwa kazi kwa maandishi ambayo hata mashine yenyewe haina haja nayo?"

"Ndiyo."

"Wewe una wazimu. Miaka yote umeng'ang'ania meza ile, leo unaiacha kwa mstari mmoja!"

"Sijaiacha. Wameniondoa."

"Si ungetia hiyo saini, ukasoma baadaye polepole?"

"Jina langu ndilo hilo moja. Nikilitia kwenye uongo, la kesho nitalitoa wapi?"

"Haya, mtakatifu. Nishikie hapa, upindo unateleza." Mdogo mtu alinung'unika mpaka gauni likaisha, lakini hakurudia tena neno la saini.

Mama Nukta aliomba kabla ya kulala, kama kawaida yake. Hakuomba arudishwe mezani. Aliomba asiwe na kiburi, maana alijua kidogo alikuwa nacho.

Asubuhi akaketi mapokezi. Palikuwa na simu, daftari la wageni, benchi la kungojea na kompyuta kuukuu iliyotosha kusoma barua. Ilitosha na jambo jingine. Programu ile ilikuwa wazi kwa watu wote. Yeyote duniani angeweza kuyasoma maandishi yake na kuleta sahihisho, na sahihisho lililetwa kwenye ukurasa unaoonekana na kila mtu. Tena bosi mwenyewe aliweka sheria, na alijisifia sheria hiyo mbele ya wageni: kila sahihisho la mtu wa nje lijibiwe kwa maandishi ndani ya siku tatu, likubaliwe au likataliwe kwa sababu.

Mama Nukta hakuwa tena wa meza kubwa. Basi alikuwa mtu wa nje.

Saa tatu kamili alituma sahihisho la kwanza. "Faili la kumi na moja, mstari wa mia tatu na sita. Maelezo yanasema rejista ya kumi na nne. Kitabu, ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, kinasema rejista ya kwanza. Naomba kujua kipi ni kweli." Akaweka nukta, akaweka jina lake kamili, na chini yake akaandika: Mapokezi.

Saa nne akatuma la pili. Mpaka adhuhuri yalikuwa matano, yote ya faili lile lile, yote na namba ya ukurasa.

Bosi alitoka ofisini kwake akiwa na uso wa mtu aliyemwagiwa maji. "Wewe mama, umeketi hatua kumi kutoka mlangoni kwangu. Unanitumia barua mbele ya dunia nzima?"

"Mezani nilisema, bosi, ikaonekana ni kelele. Nikaona niandike."

"Unaniaibisha."

"Sikuaibishi. Nimeuliza swali. Ukilijibu, ni wewe utakayesifiwa."

"Na kama nikizuia barua zako?"

"Utazuia za mtu wa nje? Utaandika sababu gani?"

Bosi akarudi ndani. Akamwita Mbio na kumwambia aandike majibu ya kukataa yote matano, kwa heshima, kwa sababu nzuri, leo hii.

Mbio alikaa chini kukataa. Lakini fundi ni fundi, hata akiwa na hasira hawezi kuandika sababu bila kuitafuta. Akafungua faili lake mwenyewe. Juu, pale alipoandika siku ile ya kwanza, alikuwa ameweka rejista ya kwanza, sawasawa na kitabu. Maandishi yalikuwa sahihi, maelezo ndiyo yaliyobaki ya zamani. Akatabasamu, amepata jibu: kosa la maelezo tu, halina madhara.

Kwa mazoea tu akateremka mpaka chini, mstari wa mia tisa, sehemu ambayo aliiongeza miezi mitatu baadaye. Ilikuwa ya kufuata programu inapokatizwa ghafla katikati ya kazi, jambo ambalo majaribio yao hayakuwahi kuligusa. Pale rejista ilikuwa ya kumi na nne.

Alikaa akiitazama. Alikumbuka vizuri. Siku ile alikuwa amesahau namba, na badala ya kufungua kitabu alipanda juu, akasoma maelezo, akayaamini. Yalikuwa katika faili lake, mwenyewe ndiye aliyeyaweka, kwa nini asiyaamini?

Alitoka polepole mpaka mapokezi, yeye asiyejua kwenda polepole. Mama Nukta alikuwa anamwandikia mgeni kitambulisho.

"Mama," Mbio alisema, mgeni alipokwisha kupita. Hakusema Mama Nukta. "Mashine haisomi maelezo. Mimi nilisoma."

Akamwonyesha mstari wa mia tisa kwenye kompyuta ya mapokezi. Mama Nukta aliweka rula chini ya mstari, akasoma mara mbili.

"Mtambo wa maji ukikatizwa, hii ingesema hitilafu iko wapi?"

"Popote. Ingewatuma watu kusaka mahali ambapo hapana kitu."

"Pole, mwanangu."

"Usinipe pole, nitalia bure. Niambie nifanye nini. Bosi anataka saini yangu saa tisa."

"Mimi siwezi kukuambia. Ya kwangu nilishasema."

Mbio akaguna, akaingia kwa bosi na karatasi ikiwa tupu. Sauti zilipanda, zikashuka, zikapanda. Mlango ulipofunguliwa, bosi alitoka mwenyewe, karatasi mkononi, akasimama mbele ya meza ya mapokezi. Alikuwa amechoka ghafla.

"Sahihisho la kwanza nitalikubali," alisema. "Nitaandika kwamba maelezo ya awali yalinakiliwa kutoka prosesa nyingine."

"Yalinakiliwa bila kusomwa," Mama Nukta alisema.

"Lazima hilo?"

"Ndilo lililotokea, bosi."

"Haya. Na mstari wa mia tisa tumeurekebisha. Sasa saini, mama, nakuomba. Kesho ni Ijumaa."

"Nimesoma tangu asubuhi, imebaki mistari mia nne. Wawili tukisoma, mpaka Jumatano."

"Mteja hawezi kungoja Jumatano! Nitamwambia nini?"

Hapo simu ikalia. Ilikuwa mbele ya Mama Nukta, na kuipokea ndiyo kazi aliyopewa. Akainua. Alikuwa mteja mwenyewe, akiuliza Ijumaa saa ngapi.

Bosi alinyoosha mkono. Mama Nukta alimtazama, akaiacha simu sikioni mwake mwenyewe.

"Siyo Ijumaa, baba," alisema, kwa sauti ile ile. "Ni Jumatano. Tumepata kosa katika faili la prosesa yenu, tumelirekebisha, na tunasoma yaliyobaki tusije tukawapa lingine. Liko kwenye ukurasa wetu wa wazi, unaweza kulisoma sasa hivi." Akasikiliza. "Ndiyo, nimesoma mwenyewe." Akasikiliza tena, muda mrefu zaidi. "Hapana, bosi hajakataa. Yuko hapa amesimama. Nimpe simu?"

Mlangoni Mbio alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono.

Bosi alipokea simu. Alisema "ndiyo" mara tatu, akasema "Jumatano" mara moja, akairudisha mahali pake polepole. Angeweza kumfukuza pale pale, na Mama Nukta alilijua hilo. Alikuwa amekwisha kuvuta mkoba wake karibu na mguu.

Bosi akaketi kwenye benchi la wageni, akavuta kile kitabu kikubwa cha prosesa.

"Tunaanzia ukurasa gani?" aliuliza.

"Mia mbili na kumi na tatu," Mama Nukta alisema. "Na ulete miwani yako. Herufi zake ni ndogo, na safari hii sitaki mtu akisie."