Kayamba ya Behewa la Tatu

Kadija binti Jumbe alifagia stesheni kuu ya reli kwa miaka kumi na saba, na katika miaka hiyo aliomba kazi ya mwelekezi wa abiria mara nne. Mara ya kwanza aliambiwa hana cheti. Mara ya pili, umri. Mara ya tatu hakujibiwa kabisa. Mara ya nne msimamizi, Bwana Nzivo, alichoka kumwona mlangoni, akampa wiki moja ya majaribio akiamini kwamba itamshinda. Hakumjua Kadija. Huyu alizaliwa Makongeni, kwenye nyumba za reli; ukimwambia hapa hapapitiki, anakuuliza mlango mwingine uko wapi.

Siku nne zilikwenda salama. Ijumaa, siku ya mwisho, mafundi walikuwa wakirekebisha reli, kwa hiyo treni mbili za jioni zilibadilishana platifomu. Ya Embakasi, inayopitia Donholm, ilisimama namba mbili. Ya Syokimau ikasimama namba moja. Kipaza sauti kilitangaza mara tatu. Kadija naye akatangaza kwa mdomo mpaka koo likamkauka. Kazi bure.

Watu wa Donholm, tuwaseme tu, hawasomi ubao. Wao huifuata ibada. Kila jioni kwenye behewa la tatu Mama Rispa Shitanda hutikisa kayamba, na waumini wake huimba tangu stesheni mpaka washuke. Ukimsikia Mama Rispa, basi hiyo ndiyo treni yako, uwe unasali au husali. Na jioni hiyo Mama Rispa alikuwa ameshaingia treni ya namba moja kwa mazoea ya miguu, anaimba huku amefumba macho. Nyuma yake mabehewa yalijaa watu wa Donholm wanaokwenda Syokimau bila kujua.

Zilibaki dakika sita. Bwana Nzivo alisimama kando na daftari lake. Kadija alijua kwamba treni ikiondoka hivi, Jumatatu anarudi kwenye ufagio, na safari hii hakutakuwa na mara ya tano. Alikasirika, tena zaidi alijikasirikia mwenyewe, maana alimwona Mama Rispa akipita na akadhani amesikia tangazo.

Akapenya hadi behewa la tatu.

"Mama Rispa, hii treni siyo yenu!"

Mama Rispa alitikisa kichwa kwa furaha, akaendelea na ubeti.

"Inaenda Syokimau!"

"Amina!" behewa likajibu.

Hapo subira ikamwisha. Akamnyang'anya Mama Rispa kayamba, akashuka nayo.

"We mathe, unaiba kayamba ya kanisa?" kijana mmoja akapiga kelele dirishani.

Kadija hakugeuka. Aliitikisa huku akitembea. Miaka kumi na saba alikuwa akifagia karibu na wimbo ule, na mikono yake iliujua kuliko alivyopenda kukiri. Lakini kayamba peke yake haikutosha. Watu walichungulia tu, hawakushuka. Basi akafungua kinywa, yeye na hijabu yake, akauimba. Sauti yake ni mbaya, tuseme ukweli, ila ni kubwa.

Mama Rispa alishuka mbio kufuata kayamba yake. Waumini wakamfuata Mama Rispa, na Donholm nzima ikafuata wimbo, na mabegi yao na mboga zao za jioni, mpaka namba mbili. Mlangoni Mama Rispa alipokea kayamba, akatazama ubao, akashika mdomo.

"Ole wangu, dada! Ningewapeleka wapi hawa?"

"Ingieni. Msinimalizie dakika."

Treni zikaondoka, kila moja na watu wake. Bwana Nzivo akaja, daftari amelifunga.

"Mama Kadija, mwelekezi haruhusiwi kunyang'anya abiria mali yake. Wala kuimba."

"Kuwapoteza je, anaruhusiwa?"

Bwana Nzivo alikuna kidevu. Maneno ya kumwondoa alikuwa ameyaandika daftarini tangu asubuhi; sasa akalifungua, akayakata kwa kalamu. Kadija hakumuuliza kama amefaulu. Alikuwa amechoka kuuliza hilo.

"Jumatatu zamu yangu inaanza saa ngapi?"

Bwana Nzivo akageuza ukurasa wa daftari.

"Saa kumi na moja alfajiri."

"Utanikuta hapa," Kadija akasema.