Swali Kuhusu Kuoza

Miaka ya themanini nilifundisha fizikia katika shule ya wasichana karibu na Migwani. Siku moja nilikuwa nikieleza jinsi dhahabu inavyotokea nyota inapolipuka. Viini vya atomu humeza nyutroni nyingi kwa ghafla, vikawa vizito mno na kushindwa kutulia. Kisha nyutroni moja baada ya nyingine hugeuka kuwa protoni, na kila mara huzaliwa elementi mpya, mpaka dhahabu. Kugeuka huko nilikuita kuoza.

Msichana mmoja akainua mkono. Wiki iliyotangulia alikuwa amemzika mama yake huko Kyuso.

“Mwalimu, na mtu akioza huwa nini?”

Nikamwambia, “Hilo halimo kwenye silabasi.”

Akainama, akaandika jibu langu daftarini neno kwa neno.

Muhula uliofuata hakurudi. Nilisafiri hadi kwao kumwomba radhi, lakini babake akaniambia ameenda kuishi na shangazi yake Kikima. Sikumwona tena. Mpaka nilipostaafu, kila nikifika kwenye somo hilo nilikumbuka swali lake, na hadi leo sijui ningemjibu nini.