Yeye wa Falone

Miaka yote Falone alimjibu mama yake kwa Kiingereza. Lakini mtaa wao wa ughaibuni, Mount Druitt, ulipofungwa kwa korona, binti huyo wa miaka kumi na saba akaanza ghafla kusema Kiswahili. "Kuna mtu ananipenda shuleni, mama. Yeye ni mpole sana."

Mama yake, Léocadie, alifurahi, hata akampigia dada yake simu kujisifu kwamba binti yake sasa anasema Kiswahili. Wiki tatu zilipita kabla hajashtuka. Kwa Kiingereza Falone angelazimika kutaja kama ni mvulana au msichana, lakini Kiswahili kilimsitiri.

Siku hiyo walikuwa wakichambua maharage.

"Huyo yeye wako ni msichana?"

Mikono ya Falone ilisimama. "Ndiyo, mama. Utanifukuza?"

Léocadie alichambua punje chache, akimfikiria mumewe. Balthazar alitembea kisiri na mwanamke wa kwaya kwa miaka mitatu, na kanisa zima lilijua isipokuwa yeye, mkewe.

"Mungu sijui nitamwambia nini," alisema. "Lakini baba yako alinifanya mjinga ndani ya nyumba yangu. Wewe usinifiche tena. Anaitwa nani?"

"Abigail."

"Abigaili," Léocadie alirudia taratibu, kisha akasogeza sinia la maharage karibu na binti yake.